Mtoto Asiyechafuka

Shauri Moyo, Nairobi
Alhamisi, baada ya alasiri

Kwa dada yangu Kadija,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wanao wote, na lile goti lako liwe limekupumzisha kidogo baada ya baridi kuondoka. Vipi mvua huko Kibwezi? Nimesikia ndengu zimekubali mwaka huu. Na yule mbuzi wako mwenye kiburi, bado anaingia jikoni bila kubisha hodi? Sisi huku tupo, Alhamdulillahi. Zubair ni mzima, yuko kiwandani kama kawaida. Mimi mwili ni mzima. Mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua umeshangaa. Umeigeuza bahasha huku na huku na kujiuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa, dada, kaa kitako. Barua nimeiandika kwa sababu mimi na wewe kwenye simu hatuwezi kuzungumza jambo zito. Wewe unakatiza, mimi nalia, halafu tunaagana hatujasema lolote. Safari hii nataka nimalize kusema kabla hujanijibu. Nakuomba usome mpaka mwisho, na usome ukiwa peke yako.

Kila ukipiga simu unaniomba nikupe Nuha umsikie sauti, na kila mara nakwambia amelala. Hebu niambie, ni mtoto gani anayelala hivyo? Nuha hasemi. Amepita miaka mitatu na hana neno hata moja. Anavuma tu, sauti moja nyembamba, akiwa amefunga mdomo. Nimekudanganya muda wote huu kwa aibu, na kwa kuwa nilidhani asubuhi moja ataamka na kuanza kuropoka kama wanao, nami sitahitaji kukwambia chochote. Asubuhi hiyo haikufika.

Biashara yangu ya soko la Gikomba unaijua, nguo za watoto za mitumba. Robota likifunguliwa, zile nguo nzuri kabisa, zisizo na doa wala uzi uliofumuka, tunaziita kamera, na ndizo zinazomsimamisha mteja. Yule Nthambi wa huko kwenu, anayeuza viatu vya watoto kwenye meza iliyopakana na yangu, huvitundika vyake kwenye kamba. Mimi nilijiona mjanja zaidi. Nilimvisha Nuha. Nilitandika blanketi ndani ya katoni kubwa, nikaiweka juu ya meza, nikamkalisha humo akiwa na gauni jeupe la kamera na soksi zenye maua, na wanawake wakawa wanasimama wenyewe. Mteja akilipenda gauni, namvua Nuha, nalikunja, namvisha jingine. Gauni lenye doa haliuziki, kwa hiyo Nuha hakuruhusiwa kushika kitu. Akinyoosha mkono kwenye ndizi, nilimrudisha mkono. Akitaka kushuka, nilimpa simu atazame katuni. Chini kulikuwa na matope ya Gikomba na mikokoteni ambayo haina macho. Juu kulikuwa na blanketi safi. Ungekuwa wewe ungemweka wapi?

Usinijibu. Najua ungemweka chini.

Na watu walivyomsifu, dada! Kila aliyepita alisema mtoto ana adabu huyu, hana fujo, utadhani hayupo. Mama mkwe alikuja kutoka mtaa wa Ziwani, akakaa naye kutwa nzima, akaniambia hajapata kuona mtoto aliyelelewa vizuri namna hii, na kwamba mabinti zake waje wajifunze kwangu. Unajua mama mkwe alivyo bahili wa sifa. Nilivimba kichwa wiki nzima. Utadhani hayupo, ndivyo walivyosema, nami nikawa naitikia ahsante.

Sikukuu ya Idd iliyopita tulikwenda kuswali uwanjani. Baada ya swala nilimvua Nuha viatu, nikamsimamisha kwenye nyasi kando ya mkeka ili nimfunge vizuri ushungi. Alipiga yowe mpaka safu nzima ya wanawake ikageuka. Alisimama kwa ncha za vidole, akanishika shingo kwa kucha, akawa anapanda mwilini mwangu kana kwamba nimemkanyagisha makaa. Ni nyasi tu, dada, nyasi zenye umande kidogo. Pale pale binti wa jirani, mdogo kuliko yeye, alikuwa amekaa chini anakula halua, amejipaka mpaka kwenye nyusi, huku akimweleza mama yake kwamba inanata, inanata, mama inanata. Nilimtazama yule mtoto mwenye halua usoni, nikamtazama wangu aliyekuwa safi kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi, nikaona wivu. Wivu mbaya, nakwambia wazi.

Hapo ndipo nilipoacha kujifanya sioni. Niliona kwamba anakula uji uliochujwa tu, na kitu chenye bonge anakitapika. Niliona kwamba punje ya wali ikimgusa mkononi analia mpaka nimnawishe. Zubair aliniambia niache wasiwasi, kwamba hata ndugu yake alichelewa kusema na leo hanyamazi. Mama mkwe akasema asomewe. Tukaenda kwa sheikh, akamsomea kwa upole, kisha akaniambia dua tumeomba, sasa mpeleke na hospitali.

Tulielekezwa kwa tabibu mmoja anayeitwa Nalianya, kwenye kituo cha watoto huku huku Eastlands. Kazi yake ni kuwafundisha watoto kutumia mikono na miili yao. Nilitarajia mashine. Nilikuta mabeseni. Moja lina maharagwe, jingine maji, jingine unga uliokandwa na mafuta, na pembeni kisanduku cha mchanga. Watoto walikuwa wamejaa humo mpaka kwenye viwiko. Nilimwuliza kama tumekosea chumba. Akacheka, akasema hii ndiyo dawa yenyewe, na kwamba wazazi wote huuliza hivyo.

Alinieleza taratibu. Alisema mtoto mdogo huanza kufikiri kwa vidole, kwa nyayo na kwa mdomo. Akimimina maji kutoka kikombe hiki hadi kile, anajifunza kujaa na kupungua. Akifinyanga tope, vidole vinapata nguvu za kuja kushika kijiko na kalamu. Akishika baridi, ukwaruzo na ulaini, maneno yanapata mahali pa kukaa, kwa sababu atasemaje inanata mtu ambaye hajawahi kushika kinachonata? Akaniambia kwamba si vitu vya pesa. Unga upo, maji yapo, vifuniko vya chupa vipo, udongo ni wa Mungu. Alisema miaka hii ya mwanzo ndiyo mwili wa mtoto una njaa kubwa ya kugusa, na kwamba baadaye bado anaweza kujifunza, ila anapanda mlima mrefu zaidi. Kisha akaniuliza Nuha hucheza na nini nyumbani. Ningesema nini? Kwamba mwanangu ni sanamu ya kuuzia nguo?

Katoni niliichoma siku hiyo hiyo. Nthambi ndiye aliyeniwashia kiberiti.

Nyumbani nilianza na unga. Nilitandika karatasi sakafuni, nikauweka kwenye sinia, nikamkalisha Nuha mbele yake. Alinitazama usoni muda mrefu, kisha akaficha mikono nyuma. Nikasema tutajaribu tena. Zubair akaleta mchanga kwenye mfuko, aliuomba mahali wanapojenga. Sasa utacheka, na ucheke tu. Niliuchekecha mchanga ule kwa chujio la chai. Nikauosha mara nyingi. Halafu nikautia kwenye sufuria, nikauchemsha. Ndiyo, nilichemsha mchanga, dada, nikausimamia kwa mwiko kama mtu anayepika biriani la harusi, na kila povu lililokuja juu nililiengua. Nthambi alipita kunisalimu, akachungulia sufuria, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha akaniona uso wangu, akauliza kwa sauti ndogo kama ni kwa sababu ya Saif.

Wewe ulikuwepo tulipomzika mwanangu wa kwanza, Saif, pale makaburini Kariokor. Hatujawahi kumzungumza tangu siku ile, mimi na wewe, na sikulaumu, mimi ndiye niliyefunga mlango. Lakini leo acha nimtaje. Unakumbuka alivyokuwa? Wakati ule tulikaa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, Zubair akifanya vibarua, na Saif alikuwa haonekani rangi kwa matope. Alikuwa na kopo lake, anachota maji ya mtaro, anamimina, anachota tena, anaimba. Kabla ya kutimiza miaka miwili alikuwa anasema kila kitu, anawatukana hata kuku. Kisha kipindupindu kikaingia mtaani, kikamchukua kati ya asubuhi na magharibi. Nilipomwosha kwa mara ya mwisho kucha zake zilikuwa na udongo, na haukutoka wote. Tangu hapo udongo mimi sikuuona tena kama udongo.

Basi ndivyo Nuha alivyolelewa. Biashara ilikuwa kisingizio kizuri tu. Hata kama ningeuza mkaa, ningemweka ndani ya katoni.

Tulirudi kwa Nalianya kila juma. Nuha hakugusa kitu. Alikaa mapajani mwangu, mbele ya beseni la maharagwe, ananitazama. Nami nilimhimiza, wallahi nilimhimiza, kwa sauti yote ya upole niliyo nayo. Nilimwambia shika mama, shika, ni mazuri. Nalianya alitutazama wiki kadhaa. Jumanne hii aliniomba nitoke nje, nisimame dirishani ambapo Nuha hataniona. Nilikataa, akanisisitiza.

Nikasimama pale. Nuha alilia kidogo, akautazama mlango, akanyamaza. Nalianya alikaa sakafuni, akatia maji kwenye mchanga, akawa anafinyanga tope lake mwenyewe kama mtu asiye na habari na mtu. Muda ukapita. Kisha Nuha akasogea. Akanyoosha kidole kimoja, akagusa, akakirudisha, akakitazama. Akagusa tena. Akaweka kiganja. Akaminya, na tope likatokeza katikati ya vidole vyake, na dada yangu, mwanangu akacheka. Si tabasamu, kicheko kabisa, cha tumboni, kimejaa chumba kizima. Miaka mitatu nimeishi naye sijawahi kukisikia. Sikujua kwamba anacho.

Nilishindwa kujizuia. Niliingia mbio nikimwita, nimejaa furaha, nikitaka tu kumkumbatia na matope yake yote. Akageuka akaniona. Kicheko kikakatika hapo hapo. Uso wake ukabadilika, akaninyooshea mikono yote miwili, vidole vimetanuka, akilia, ili nimnawishe.

Na mimi, Kadija, nilimnawisha. Nilikuwa nimeshafika kwenye bomba kabla sijajua ninafanya nini. Nilimsugua mpaka Nalianya akaja akafunga maji na kunishika mabega.

Aliniambia kwa upole, lakini hakuficha. Alisema Nuha hajawahi kuuogopa mchanga. Mtoto akikutana na kitu kigeni humtazama mama yake usoni ajue kama ni salama, na Nuha kila akinitazama anaona msiba. Mdomo wangu unasema shika, uso wangu unasema utakufa. Alisema nami pia ninahitaji kutibiwa, kwamba yupo mwenzake anayezungumza na wazazi waliofiwa, na kwamba polepole mimi na Nuha tutajifunza kuchafuka pamoja. Hakusema nimtoe mtoto kwangu. Hilo nataka ulijue, usije ukamlaumu mtu wa watu. Hili ni langu.

Nimejaribu tangu Jumanne. Nimekaa mbele ya kioo nikiwa nimeshika udongo wa chungu cha maua, nikajitazama. Siwezi kuutawala uso huu. Taya zinajikaza zenyewe. Labda baada ya miezi, labda mwaka. Lakini Nuha anakua kila siku, na kila siku anayokaa nami anajifunza woga mmoja zaidi. Kupona kwangu kunataka muda, na muda huo ni wake. Nimelia mpaka nimechoka kulia. Nimegombana na Zubair nilipomwambia nataka kukuletea Nuha, akasema mwanawe halelewi na watu baki, nikamwambia Kadija si mtu baki, kisha nikampeleka naye leo asubuhi akasimame pale dirishani, akakisikia kile kicheko. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mchana, kabla ya kwenda kazini, alikunja nguo za Nuha, akachagua zile mbovu.

Basi dada, hili ndilo jambo. Nthambi kesho asubuhi anakuja kwao Kibwezi kumwona mama yake, na Nuha atakuja naye; nakuomba ukae naye mpaka nipone. Nimemwagiza akuletee barua hii kwanza, amwache Nuha nyumbani kwa mama yake mpaka utakapomaliza kusoma, ili usiweze kusema ndiyo kwa sababu tu mtoto amesimama mlangoni. Ukiona huwezi, mwambie Nthambi, atarudi naye Jumatatu, na haki ya Mungu sitakuwa na kinyongo. Una watoto wa kutosha na goti moja bovu. Lakini una ua mpana, na mto wenu wa mchanga, na kuku, na wanao ambao sijawahi kuwaona wakiwa safi hata siku ya Idd. Na una uso ambao haujui kuogopa kitu. Mimi na wewe tulipika ugali wa matope kule mtoni tulipokuwa wadogo, ukanilazimisha kuula, nikaula. Sikufa.

Sikuja naye mwenyewe kwa sababu ningerudi naye. Nikifika hapo nikamwona anakanyaga ua wako bila viatu, ningemnyakua. Acha nitibiwe kwanza. Nitakwenda kwa huyo mtu wa Nalianya kila nitakapoitwa, nami nitamzungumza Saif mpaka niweze kumtaja bila mikono yangu kutafuta sabuni. Siku hiyo nitapanda gari nije. Hata asiponikimbilia, nitakuja.

Hapendi kuguswa kwa ghafla, mguse kwa kiganja kizima, si kwa ncha za vidole. Uji wake mchujie siku za kwanza, kisha acha bonge moja, ukijifanya umesahau. Usimlazimishe kitu. Mkalishe tu karibu na wenzake wanapocheza, nawe endelea na kazi zako. Akivuma, ana wasiwasi. Akinyamaza kabisa, amelala au anawaza. Na neno lake la kwanza, likija, hata kama ni tusi kwa kuku, nipigie wakati wowote, hata nikiwa nauza.

Nisalimie shemeji, mwambie namwomba radhi kwa kumwongezea mdomo wa kulisha bila kumwuliza. Wasalimie watoto, na uwaambie mdogo wao hana kiburi, hajui tu. Mpe salamu mama yake Nthambi. Zubair anakusalimu sana, na amesema ndengu za kwanza mle nyie, msitutumie.

Nuha sasa hivi amesimama hapa mlangoni ananitazama nikiandika, na mimi naangalia karatasi tu nisimwonyeshe uso. Kwa hiyo nimalizie hapa. Dada yangu, siku atakapoingiza mikono kwenye matope ya ua wako, kisha akakumbuka, akaanza kulia na kukunyooshea, tafadhali usitafute maji. Ishike mikono yake hivyo hivyo ilivyo, ujipake usoni.

Ni mimi mdogo wako,
Hikma